Maswali yenu kuhusu hoya, mmea wa ndani unaotambaa

Hoya yangu ina mwaka wa tatu, majani yamenawiri, inatambaa hadi juu ya pazia, lakini ua hata moja sijaliona. Nakosea wapi?

Nashuku mwanga. Hoya ikiwa kwenye kona yenye giza haifi, ila haichanui. Isogeze karibu na dirisha. Jua la asubuhi halina neno. La mchana huyababua majani. Halafu usiharakie kuihamishia chungu kikubwa. Mizizi ikibanana kidogo haina shida, lakini udongo mwingi hukaa na maji hadi mizizi ikaoza. Ukishayafanya hayo, vuta subira, maana nyingine huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua.

Maua yakinyauka, nikate kikonyo chake?

Usithubutu! Kikonyo hicho hicho ndicho kitakachotoa maua tena. Kitazame kwa karibu: ncha yake ina vikovu vidogo vidogo, kila kimoja ni mahali ua liliposhika. Yaache maua yadondoke yenyewe. Na ile mikono mirefu isiyo na majani, ambayo wengi huikata wakidhani imekauka, inatafuta pa kushika. Izungushie taratibu kwenye waya au ufito, majani yatafuata.

Kuna matone yanayonata mezani chini ya chungu. Ni ugonjwa?

Kama imechanua, hiyo ni nekta, yaani utomvu mtamu wa maua, futa tu. Harufu nayo hukolea usiku, kwa hiyo mwenye kuumwa kichwa kwa manukato asiiweke chumba cha kulala. Lakini kama inanata na maua hakuna, chunguza pale jani linapoungana na shina. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa kitambaa chenye spiriti, urudie baada ya wiki.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Achana na kalenda. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyobaki kwenye sahani.

Nimepewa jani moja lenye umbo la moyo, limechomekwa kwenye chungu. Litatambaa lini?

Huenda lisitambae kamwe. Hiyo ni Hoya kerrii. Jani tupu huota mizizi na kubaki kijani kwa miaka, lakini kama halikukatwa na kipande cha shina chenye kifundo, yaani pale jani linapoota, halina pa kuchipulia. Libaki pambo. Ukitaka mmea, omba kipande cha shina chenye vifundo viwili, ukifukie kimoja udongoni.