Ukikabidhiwa mfuko wa presha mlimani

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Kilimanjaro, mfuko wa presha, yaani begi kubwa linalojazwa hewa ambamo hulazwa mgonjwa aliyedhuriwa na kimo cha mlima, na ambao kambini mtausikia ukiitwa Gamow, unaweza kubebwa msimu mzima bila kufunguliwa. Siku ukihitajika huwa ni usiku, kambi ya Barafu, baridi kali, na mgeni anayumba kama mlevi. Si saa ya kuanza kusoma maelekezo.

Kwa hiyo ufungue mkiwa bado Moshi. Utandaze, funga zipu, piga pampu mpaka valvu za usalama zianze kutoa hewa kwa mlio. Mlio huo ni habari njema: valvu huachia presha ikifika psi 2 hivi (psi ni kipimo cha presha), ili mfuko usijae kupita kiasi. Mfuko ukikaza na valvu zimenyamaza, au zipu ina mchanga kwenye meno, usipande nao.

Barafu ni mita 4,673. Mfuko ukijaa, aliyemo anapumua kama mtu aliye kwenye mita 3,000 hivi, tuseme kambi ya Mweka. Saa moja humo inaweza kumpa nafuu kubwa, na wapo watakaotoka wakidai kwenda kileleni. Kataa. Zipu ikifunguliwa amerudi Barafu, na dalili zinaweza kurudi pia. Nafuu hiyo ni ya kumshushia. Mimi njia ikipitika na machela ipo, nashuka naye moja kwa moja. Mfuko ni wa pale ambapo kushuka kumekwama.

Sasa pampu, maana wengi hudhani mfuko ukishajaa kazi imekwisha. Hewa chafu anayoitoa mgonjwa inabaki humo humo kama husukumi nyingine iitoe kupitia valvu. Mifuko mingi inataka mikanyago 10 hadi 20 kwa dakika. Fuata iliyoandikwa kwenye wako, na usisimame hadi atakapotoka. Panga wagumu, yaani wapagazi, watatu wapokezane, kwa sababu kule juu hata kijana wa Uru, hapa chini ya mlima, anaishiwa pumzi. Angalia pia pampu inavuta hewa ya wapi. Ukiiweka kwenye hema la kulia, kando ya jiko la gesi linalochemsha chai, unampelekea mgonjwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na hiyo haina harufu.

Kabla hajaingia, mweleze masikio yatakavyoziba: ameze mate, au abane pua na kupuliza taratibu. Jaza polepole ukimtazama dirishani, na mkubaliane ishara ya mkono. Akionyesha sikio, acha kupampu, punguza presha kidogo, msubiri. Mtandikie godoro, mwingize na begi lake la kulalia, na kama mapafu yana maji, laza mfuko kwenye mteremko kichwa kikiwa juu, maana kulala chali kutamzidishia shida. Anayetapika ovyo au aliyepoteza fahamu ni hatari kumfungia humo: hawezi kuzibua masikio, na akipaliwa huwezi kumfikia haraka. Mchana, weka mfuko kivulini; jua la mlimani linaugeuza tanuri.

Mtasikia habari za moto kwenye vyumba vya presha vya hospitali. Ni kweli, ila kule ni oksijeni nyingi kwa presha mara 2 hadi 3 ya ile ya kawaida ya usawa wa bahari, ndiyo maana wagonjwa huvishwa pamba na kuacha simu na mafuta ya kujipaka nje. Mfuko wetu unajazwa hewa ya kawaida. Lakini ukiingiza mtungi wa oksijeni humo, hewa hiyo si ya kawaida tena: kiberiti, sigara na taa ya moto vikae mbali.

Wakati wa kutoa, achia hewa taratibu kama ulivyojaza, na usivute zipu kwa nguvu presha ikiwa bado imo. Andika saa aliyoingia, saa aliyotoka, na kiwango cha oksijeni kwenye damu kabla na baada, kisha karatasi ishuke na mgonjwa, daktari wa Moshi ataiulizia. Mfuko wenyewe uanikeni ukauke kabisa kabla ya kukunjwa.