Unaelewa ubaoni, unakwama ukiwa peke yako

Mdogo wangu, unasema mhadhiri akikokotoa unafuata kila hatua, ila ukikaa na swali jipya la matriksi (jedwali la namba) hujui pa kuanzia. Akili unazo. Umezoea kusoma majibu, hujazoea kuyatafuta.

Chukua matriksi yenye safu (2, 1) na (1, 2), uambiwe utafute thamani zake za aijeni, yaani namba ambazo matriksi ikizidisha vekta fulani, jibu ni vekta ileile mara namba hiyo. Wengi hukimbilia fomula. Wewe izidishe kwanza kwa vekta (1, 1): unapata (3, 3), yaani vekta ileile mara 3. Jaribu (1, −1): inarudi vilevile, yaani mara 1. Basi thamani ni 3 na 1, na fomula hujaigusa! Hakiki sasa: jumla yake, 4, lazima ilingane na jumla ya ulalo mkuu, 2 + 2, zao lake, 3, lilingane na determinanti (zao la ulalo mkuu toa zao la ulalo mwingine), 4 − 1. Ndipo uandike hatua zote za fomula, maana kwenye mtihani hatua zina alama.

Kwenye intigro, yaani kutafuta fomula ambayo derivativi yake (kasi yake ya kubadilika) umepewa, uhakiki ni mwepesi zaidi. Ukipata xeˣ − eˣ + C kwa intigro ya xeˣ, tafuta derivativi ya jibu hilo. Xeˣ isiporudi, kagua alama za kutoa.

Na hayo majibu ya nyuma ya kitabu yafunike. Ukikwama kabisa, soma mstari mmoja tu, funika tena, uendelee mwenyewe. Kesho yake lirudie swali lilelile kwenye karatasi tupu. Hapo usidanganyike: ukikwama palepale, bado hujalielewa, muulize mwenzako au mhadhiri kuhusu hatua hiyo hasa.