Kedi Akujibu: Augusta ya kwenye skrini

Mwezi huu barua zimerundikana kuhusu jambo moja: watu wanajenga nyuga za gofu ndani ya kompyuta. Kwa wanaoisoma safu hii kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa kedi, yaani nilibeba mikoba ya wanagofu, tangu ujana katika klabu moja hapa Nairobi, na siku hizi nina kiduka cha gemu Buruburu. Mhariri anaamini kwamba mtu wa namna hiyo lazima awe na majibu. Tuendelee kumwamini.

*Hujambo Kedi. Gemu ninayocheza ina sehemu ya kujijengea uga. Nimejenga Augusta National ya Georgia, Marekani, pale wanapochezea mashindano ya Masters kila Aprili. Nimepanda misonobari, nimetia maua ya azalea, daraja la mawe, mchanga mweupe, vyote nikinakili kutoka kwenye video. Ukitazama picha huwezi kuitofautisha na ya kweli. Lakini marafiki zangu wanaimaliza wakiwa mipigo 15 chini ya kiwango, na wanasema hakuna hata mahali pa kuhangaika. Nini kimepungua?*
— Mjenzi, Donholm

Mjenzi, kilichopungua ni milima. Umejenga Augusta ya televisheni, na televisheni huilaza ardhi. Kamera hukaa juu ya mnara, lenzi huvuta mbali, mteremko wote unaonekana tambarare kama zulia la msikiti. Watu wanaofika pale kwa miguu ndio hushtuka. Kutoka kwenye jengo la klabu hadi kijito cha Rae's Creek kule chini, ardhi inashuka karibu mita 50. Shimo la 10 peke yake, lenye urefu wa yadi 495, linashuka mita 30 hivi kutoka pa kuanzia hadi kwenye grini, ile nyasi fupi yenye tundu na bendera. Hilo ni jumba la ghorofa kumi! Shimo la 18 nalo linakurudisha juu ukiwa umechoka. Mpe kedi begi la kilo nyingi na bega lake litakuambia habari za uga ambazo macho hayajaziona.

Sasa, mteremko unahusianaje na hao marafiki zako? Chukua shimo la 13, linaloitwa Azalea. Linapinda kushoto, na ardhi ya feawei, ile njia ya nyasi iliyokatwa kuelekea grini, inateremka kutoka kulia kwenda kushoto. Mchezaji wa mkono wa kulia akisimama hapo, mpira unakuwa juu ya usawa wa miguu yake, na mpira wa namna hiyo hupenda kukimbilia kushoto. Mbele ya grini kuna mkono wa kijito, na huo mkono unapita upande wa kushoto pia. Basi mtu ana mipigo miwili ya kufika, tamaa imemshika, miguu yake imesimama upande, na maji yanamngoja kule kule mpira unakotaka kwenda. Hapo ndipo ugumu wa shimo hilo ulipo. Wewe umeweka kijito, umeweka maua, halafu ukampa mchezaji sakafu. Nani atashindwa?

Kwa hiyo hifadhi hiyo kazi yako, usiifute, kisha fungua uga mpya mtupu na uanze na ardhi. Miti ije mwisho. Najua kupanda miti ndiyo raha yenyewe, lakini ngoja.

Ardhi utaipata hivi. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, inatoa bure data ya vipimo vya leza kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo. Ndege hupita juu ikirusha miali ya leza chini, na chombo kinapima muda ambao mwali umechukua kwenda na kurudi. Miali mingine inagonga majani, mingine inapenya matawi na kufika chini. Ukichuja ile iliyogonga miti, unabaki na ardhi tupu, na kimo chake kwa kawaida hakikosei zaidi ya sentimita 10 hivi. Wapenzi wa gemu wametengeneza programu zinazochukua data hiyo, zikaichanganya na ramani ya OpenStreetMap ambako watu wamekwisha chora grini, feawei na mabanka ya mchanga, zikakutolea uga ulioumbika nusu. Hilo linawezekana kwa baadhi ya gemu za kompyuta. Kama unacheza kwa PlayStation, huna njia ila kusoma vimo kwenye ramani, nukta moja baada ya nyingine, na kuinua ardhi kwa mkono. Inachosha. Watu wanafanya.

Lakini usije ukaiamini leza mpaka kwenye grini. Piga hesabu: mteremko wa asilimia 2, ambao mwanagofu yeyote atauheshimu, kwa umbali wa mita 5 unakuwa sentimita 10 tu. Yaani mpindo wote wa mpira unaweza kumezwa na kosa la kipimo. Grini lazima uzifinyange mwenyewe, na shule yake ni video za mashindano. Usitazame nyasi, tazama mpira unavyopoteza nguvu. Ukipungua kasi halafu ukaelekea pembeni hatua mbili za mwisho, hapo pana mteremko ambao kamera imekuficha. Sisi makedi tulisoma grini za klabu hivyo hivyo, kwa kutazama mipira ya watu wengine, kwa sababu mwenye begi hakutaka kusikia "nadhani".

Na kasi pia. Wajenzi wengi wanavuta kasi ya grini hadi mwisho kwa kuwa Augusta inasifika kwa grini za haraka, halafu miteremko wanaiacha mikali vilevile, na mpira hausimami popote. Kasi na mteremko hulipana. Tafuta kwanza pale karibu na bendera ambapo mpira unaweza kutulia, kisha ndipo uongeze kasi kidogo kidogo.

Jambo jingine ambalo sioni watu wakilifanya: chagua mwaka. Augusta haijawahi kutulia. Ilifunguliwa 1933, ikichorwa na Alister MacKenzie pamoja na bingwa wa gofu Bobby Jones, na MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi miwili tu kabla ya mashindano ya kwanza. Mashindano hayo yalichezwa mashimo tisa ya mwisho yakiwa ndiyo ya kwanza. Mwaka uliofuata wakayageuza. Kwenye shimo la 17 palikuwa na mti uliopewa jina la Rais Eisenhower, dhoruba ya barafu ikauharibu Februari 2014 na ukaondolewa. Mwaka 2023 pa kuanzia pa shimo la 13 palirudishwa nyuma yadi 35, likafika yadi 545. Septemba 2024 kimbunga Helene kikaangusha miti mingi. Ukichanganya picha ya satelaiti ya mwaka mmoja na video ya mwaka mwingine, unapata uga ambao haujawahi kuwepo duniani. Mti wa Eisenhower na shimo la 13 la leo haviwezi kukaa pamoja.

Huyo MacKenzie alikuwa daktari, na alihudumu katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Huko aliona jinsi wapiganaji wa Kikaburu walivyojua kuficha mahandaki yao kwa kutumia maumbile ya ardhi, na baadaye akayaleta maarifa hayo kwenye gofu. Ndiyo maana kunakili picha yake hakutoshi. Alichora akitaka jicho lidanganyike. Tazama shimo la 10: katikati ya feawei kuna banka moja kubwa mno, urefu wake kama yadi 60, na limekaa mbali kabla ya grini, halimsumbui bingwa yeyote. Wajenzi wa kwenye gemu hulifuta au hulisogeza wakidhani ramani ina hitilafu. Haina. Zamani grini ilikuwa hapo karibu nalo. Mwaka 1937 mchoraji mwingine wa nyuga, Perry Maxwell, aliihamisha grini nyuma, juu ya kilima, na banka likabaki peke yake. Liache pale pale. Mimi nikifungua uga wa mtu, kitu cha kwanza ninachokwenda kukitazama ni hilo banka, na kwa hilo najua kama mjenzi alisoma au alikisia.

Shimo la 12 sitakudanganya, hutalipata lote. Ni yadi 155 tu, na liko chini kabisa pale bondeni, ambapo upepo hugonga miti ukazunguka, ukivuma huku juu ya bendera na kule juu ya mchezaji. Kwenye Masters ya mwaka 2016 Jordan Spieth alifika mashimo tisa ya mwisho akiongoza kwa mipigo mitano, akatia mipira miwili majini hapo, akaandika 7. Mwaka 2020 Tiger Woods, akiwa bingwa mtetezi, aliandika 10. Gemu nyingi zina upepo wa upande mmoja kwa shimo zima, na huwezi kuzilazimisha. Unachoweza ni kutoipanua grini. Ile grini ni nyembamba toka mbele hadi nyuma, imekaa mshazari, maji mbele na mchanga nyuma. Marafiki watalalamika. Waache walalamike.

*Kedi, mimi ni mwanafunzi na nataka kujenga Muthaiga, siyo nyuga za Wazungu. Data ya leza ya Nairobi naipata wapi?*
— Mwanafunzi, Juja

Ndugu yangu, nimependa wazo. Muthaiga ndipo mashindano ya Kenya Open yalipoanzia 1967, na Mhispania Seve Ballesteros ameitwaa hiyo Open 1978. Haihitaji kuombewa nafasi na mtu.

Data ya bure ya Nairobi ipo, ila ni ile ya satelaiti na ya rada ya chombo cha angani, na mraba mmoja wake una mita 30 kwa 30. Hizo ni mita za mraba 900. Grini ya kawaida ni kama mita 500 za mraba, kwa hiyo grini nzima, na mteremko wake wote, inaingia ndani ya nambari moja. Itakupa bonde na kilima, haitakupa gofu. Halafu rada ile ilisoma vilele vya miti, na Muthaiga ni miti. Utashangaa kuona feawei imepata mgongo.

Itabidi utembee. Omba ruhusa klabuni, nenda siku ambayo hakuna mashindano, na ongea na makedi kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote. Wanajua kila grini inaangukia wapi. Ukiweza, nenda wakati wa masika mara tu mvua inapokatika: maji yaliyosimama na yanayotiririka yatakuonyesha ardhi bure, tena vizuri kuliko chombo chochote. Droni usirushe bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na ya klabu yenyewe. Ule ni mtaa wa mabalozi, na kijana mwenye droni kwenye ua hatapata muda wa kueleza kuhusu gemu.

Kuna jambo la hewa pia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi kuliko pwani. Kama gemu yako haina mahali pa kuweka kimo cha mji, shimo la yadi 400 litachezeka refu kuliko la kweli. Mimi ningelifupisha hadi yadi 376 na kuandika 400 kwenye kadi. Kuna watakaosema huo ni udanganyifu. Lakini yule anayeijua Muthaiga atachukua fimbo ile ile anayoichukua Jumamosi, na huyo ndiye ninayemjali.

*Naweza kuuza uga wangu wa Augusta mtandaoni?*
— Mfanyabiashara, Eastleigh

Hapana. Jina la Augusta National na la Masters ni alama za biashara zilizosajiliwa, na kampuni za gemu zinazoutumia uga huo huwa zimepata leseni. Kampuni ya gemu ya EA ilipouingiza mwaka 2011 iliwapeleka watu wenye leza pale pale uwanjani. Tena masharti ya gemu yenye sehemu ya ujenzi mara nyingi yanakataza kuuza ulichojenga. Wanaoutoa bure huupa jina jingine kabisa, na kila mtu anauelewa. Fanya hivyo, au jenga uga wako wa kubuni.

*Kedi, mume wangu hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Kila usiku yuko kwenye kompyuta hadi saa saba, nikimuuliza ananijibu anapanda miti Georgia. Tuna ploti Kitengela tangu tuoane, haina hata mti mmoja. Nifanyeje?*
— Mke, Lang'ata

Dada, pole, lakini una hoja nzito kuliko unavyojua. Mahali palipo Augusta National, kabla ya gofu, palikuwa kitalu cha miche tangu miaka ya 1850. Kila shimo lina jina la mmea hadi leo, na ile barabara ya miti mikubwa inayoelekea kwenye jengo la klabu ilipandwa kabla hata Bobby Jones hajazaliwa. Mwambie hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema: wenzake walipanda kwanza, ndipo wakacheza.

Ila usimruhusu alete misonobari. Udongo mweusi wa Kitengela na jua lile haviipendi. Aanze na mwarobaini na migunga, achimbe mashimo kabla ya mvua za Machi, na amwagilie mwenyewe.