Mkanda wa video au kanda ya video?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Tanga. Kwenye insha yake aliandika "mkanda wa video uliopigwa kwenye harusi ya shangazi". Mwalimu wake akapitisha kalamu nyekundu juu ya "mkanda wa", akaandika "kanda ya", na pembeni akaongeza: "Mkanda ni wa suruali." Nani mwenye haki? Isitoshe, harusi yenyewe tuliirekodi kwa simu. Humo mna kanda gani?

JIBU: Marahaba. Mwanao yuko sahihi. "Kanda ya" ya mwalimu wake nayo ni sahihi, ila hakuwa na sababu ya kukata.

Tuanze na hiyo suruali. Mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyofanikiwa sokoni ilionyeshwa Chicago mwezi Aprili 1956 na kampuni ya Kimarekani iitwayo Ampex. Ukanda wake ulikuwa na upana wa inchi 2, yaani kama sentimita 5. Mikanda mingi ya suruali haifiki hapo! Kwa hiyo aliyeuita mkanda hakukosea hata kwa macho.

Upana ule ulikuwa na sababu. Kunasa sauti kwenye ukanda wa sumaku Wajerumani walikwisha kuweza. Kampuni yao ya AEG ilionyesha Magnetophon, mashine yake ya kurekodi sauti, Berlin mwaka 1935. Picha ni mzigo mwingine. Inabeba habari nyingi mno kuliko sauti, na ukitaka zote ziandikike, lazima ukanda na kichwa cha kurekodia vipishane kwa kasi kubwa. BBC walijaribu kwa nguvu: mashine yao ya VERA iliukimbiza ukanda karibu mita 5 kwa sekunde, kiasi kwamba dakika 15 za kipindi zilimeza zaidi ya kilomita 4 za ukanda. Mafundi wa Ampex, wakiongozwa na Charles Ginsburg, waliuacha ukanda utembee polepole, kama sentimita 38 kwa sekunde, wakavizungusha vichwa badala yake. Vichwa vinne kwenye gurudumu moja vilizunguka mara 14,400 kwa dakika, vikichora mistari ya kuukata ukanda kwa upana wake. Tarehe 30 Novemba 1956, kituo cha televisheni cha Marekani CBS kilirekodi taarifa ya habari kutoka New York na kuwaonyesha watu wa pwani ya magharibi saa tatu baadaye, ili nao waione jioni yao.

Sasa sarufi. Mzizi ni mmoja, -kanda, nao umeingia ngeli zaidi ya moja. Kuna mkanda, wingi mikanda. Kuna pia ukanda, wingi kanda: ukanda huu, kanda hizi. Kilichotokea ni kwamba watu waliuchukua ule wingi wakaufanya umoja: kanda hii, kanda hizi, kama nyumba hii, nyumba hizi. Si ajabu ya video peke yake. Sote tunasema Kanda ya Ziwa, na hakuna anayetukatia kwa wino mwekundu ili tuseme Ukanda wa Ziwa.

Basi chagua moja uishike mpaka mwisho wa sentensi: "mkanda wa video uliopotea", "kanda ya video iliyopotea". Kosa ni kuchanganya, kama katika "kanda wa video" au "mkanda ya video". Wapo pia wanaosema "makanda ya video". Mimi siyapendi, maana kwa wazee wa pwani makanda ni mifuko ya ukindu.

Na kaseti je? Hilo ni jina la kisanduku. Ukanda ule mpana wa studio ulikuwa wazi, umezungushwa kwenye gurudumu, na kuutia mashineni kulihitaji fundi. Mwaka 1971 Sony ilitoa U-matic, ukanda wake umefungiwa ndani ya kaseti. Zikafuata za nyumbani: Betamax ya Sony mwaka 1975 na VHS ya JVC mwaka 1976. Hapo upana umeshuka hadi nusu inchi, na kama tungekuwa tunaita vitu kwa vipimo, tungesema utepe. Lakini sikiliza watu walivyosema mambo yalipoharibika: "Deki imekula mkanda." Hakuna aliyesema imekula kaseti, kwa sababu kilichovutwa na kujikunja mle ndani ni mkanda. (Deki hii, yaani mashine ya kuchezea kaseti, na ile ya kupiga sakafu kwa maji na tambara ni ndugu. Ya sakafu ilitoka melini.)

Maana ya tatu ya mkanda, baada ya ule wa suruali na ule wa kurekodia, ilizaliwa pale mkanda ulipoanza kuuzwa ukiwa tayari na kitu ndani. Mwaka 1977, huko Michigan, Andre Blay wa kampuni ya Magnetic Video alipata kibali cha kampuni ya filamu ya 20th Century Fox cha kuuza filamu zao 50 kwenye kaseti. Hapo ndipo urefu ulipogeuka jambo la biashara: Betamax ya mwanzo ilichukua saa moja, VHS ya mwanzo saa mbili, na filamu ya kawaida haienei kwenye saa moja. Aliyenunua hakuwa akinunua plastiki, alikuwa akinunua hadithi. Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, wengi tuliijua skrini kwa njia ya deki kabla ya antena, na "kuangalia mkanda" kukawa ndiko kuangalia filamu. Kutoka hapo hadi "hebu nipe mkanda mzima", anavyosema mtu anayetaka kisa chote cha ugomvi wa jirani, ni hatua moja tu.

Kuhusu simu yako: kweli haina mkanda. Lakini haina waya vilevile, na simu asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Magazeti ya Kenya huandika "kanda ya video iliyosambaa mitandaoni" bila wasiwasi. Tanzania tunapenda zaidi "video" au "kipande cha video". Mimi mwenyewe ningeandika "video ya harusi" nikaendelea na pilau, ila aliyeandika mkanda simkosoi.

Mrudishie mwanao alama zake. Na hilo "uliopigwa" mwalimu hakuligusa. Nami naliacha, mradi picha zinapigwa.