Mchumba hataki kupakiwa kwenye baiskeli

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 28, nakaa Makorora, nauza duka la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani. Mshahara wangu ni shilingi 350,000 kwa mwezi. Nina mchumba anayesuka saluni maeneo ya Chuda. Posa imeshapelekwa na ndoa tumeipanga Mfunguo Mosi, inshallah.*

*Usafiri wangu ni baiskeli na tangu siku ya kwanza amenijua nayo. Lakini mwezi uliopita alirudi kutoka Korogwe kumsalimia bibi yake, nikaenda kumpokea stendi ya Kange saa saba mchana, begi nikalifunga kwenye kerea, tukaja nalo mdogo mdogo mpaka kwao. Kufika tu akaniambia: "Sitopanda tena hiyo baiskeli yako. Wenzangu wanafuatwa na bajaji, mimi nachukuliwa kama gunia la mkaa." Tangu siku hiyo hataki hata nimpitie saluni jioni.*

*Sasa kuna mtu anatoa pikipiki kwa mkataba. Bei taslimu ni 2,900,000. Kwa mkataba natanguliza 500,000, halafu nalipa 10,000 kila siku mwaka mzima, kisha inakuwa yangu. Mchana nitakuwa dukani, jioni na Jumapili nitapiga boda ijilipe yenyewe. Ile 500,000 ninayo, ni akiba ya harusi. Rafiki zangu wanasema mwanamke anayedharau baiskeli leo, kesho atadharau nyumba. Shangazi, nichukue pikipiki au nimwache?*

*Mwenye Baiskeli, Makorora*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako mzima mzima, maana mie mwenyewe ni mtu wa kerea. Nimepakiwa kwenye baiskeli tangu ubinti, kanga mbili zimeishia kwenye spoku, na mpaka leo nikisikia kengele nyuma yangu nasogea kushoto bila kugeuka. Nikasema ah, kasichana haka kametoka wapi, Tanga hii hii?

Mara ya pili nikakwama Kange.

Begi ulilifunga kwenye kerea. Haya. Na mwenye begi alikaa wapi?

Hukuandika, mwanangu, lakini hesabu yake si ngumu. Baiskeli ina kerea moja. Kama begi lilikuwa juu, yeye alikuwa chini. Umemtembeza binti wa watu kutoka Kange mpaka kwao, saa saba mchana, na jua letu hili la pwani, baada ya kukaa kwenye basi kutoka Korogwe. Wewe umeandika "mdogo mdogo" kana kwamba mlikuwa mnapunga upepo Raskazone. Yeye alifika kwao miguu imevimba, jasho limekausha poda, na majirani barazani wanahesabu hatua. Ndipo likamtoka hilo la gunia la mkaa. Tena afadhali gunia, lenyewe lingepakiwa.

Kwa hiyo hilo la kudharau baiskeli sijaliona. Umesema mwenyewe, siku zote amekujua nayo, na mpaka mwezi uliopita ulikuwa unampitia saluni jioni mbele ya wenzake wote na hakujificha. Alichokiona Kange ni kwamba umeona bora nauli ya bajaji ibaki mfukoni. Sasa anajiuliza usiku, peke yake: huyu, nikiwa na mimba, atanikokota hivi hivi?

Nitakueleza kisa cha nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu hakuwahi kumiliki kitu chenye injini. Mimba yangu ya kwanza, kliniki zote za Bombo alinipeleka kwa baiskeli, taratibu, akikwepa mashimo kana kwamba amebeba mayai. Sikuona aibu hata siku moja, na wanawake wenzangu kliniki walikuwa wakinionea gere. Lakini siku ya kurudi na mtoto, natoka mlangoni natafuta baiskeli, naona teksi. Nikamuuliza hela kaitoa wapi, akasema nipande kwanza. Miezi miwili baadaye ndipo nikajua ilikuwa hela ya tairi la nyuma. Lile kuukuu alilishona na kulitia viraka mpaka likawa kama kofia ya maskini. Yule mwanamume alikuwa anajua baiskeli inafika wapi na haifiki wapi.

Sasa tuje kwenye pikipiki, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Wewe unauza misumari na saruji, kuzidisha unakujua. Chukua 10,000 mara siku 365: ni 3,650,000. Jumlisha 500,000 uliyotanguliza: 4,150,000. Pikipiki ya 2,900,000 umeinunua kwa 1,250,000 zaidi. Hiyo ziada ni kitanda, godoro, kabati na jiko la gesi na mtungi wake, na bado chenji ya pilau itabaki.

Wenye mikataba hutaja hesabu kwa siku, kwa kuwa elfu kumi haimtishi mtu. Wangekuambia laki tatu kwa mwezi ungeshtuka, maana mshahara wako ni laki tatu na nusu. Siku ambayo boda haikuingiza kitu, hela inatoka dukani, na ukilipa mwezi mzima kwa mshahara unabaki na 50,000. Hapo kuna kodi ya chumba, chakula cha watu wawili na vocha.

"Itajilipa yenyewe." Mwanangu, hicho chombo hakijilipi, kinalipwa na mgongo wako. Umetoka dukani saa kumi na mbili jioni, umesimama siku nzima, unakwenda kijiweni kukutana na vijana walioamkia hapo hapo, wenye wateja wao na namba zao kwenye simu za watu. Utapakia wangapi mpaka saa nne usiku? Toa petroli. Toa oili, pancha, bima, leseni ya kuendesha pikipiki, na kibali cha LATRA cha kubeba abiria. Kofia ngumu ni mbili, ya kwako na ya abiria. Kisha ije masika. Unaijua masika ya Tanga, inaweza kunyesha siku tatu hujaona jua, na mtu hatoki kupanda pikipiki. Mkataba unafuata kalenda tu, haujui kama kumenyesha. Na kadi ya chombo muda wote huo iko kwa mwenye mali. Ukichelewa siku kadhaa anakuja kuchukua chake, na ulichokwisha kulipa mara nyingi hukioni tena. Nimeona pikipiki ikichukuliwa barabara yetu imebakiza wiki sita. Kijana alikaa kizingitini na kofia yake ngumu mapajani mpaka magharibi.

Halafu bibi harusi wako mpya atakuwa wapi saa hizo za jioni? Ndani, peke yake, anakusubiri mtu anayerudi saa nne ananuka petroli na hana neno. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe unataka kukopa kabla hata ya harusi yenyewe, kwa hela ya harusi.

Basi pikipiki ya mkataba, hapana. Ile 500,000 usiiguse.

Ukiitaka kweli pikipiki, itafute kwa taslimu. Ingia mchezo wa kuchangiana hela na watu unaowajua, kijumbe anayezikusanya awe mtu mzima mwenye makazi yanayojulikana. Ukiweza kuweka 100,000 kwa mwezi utafika 2,900,000 kwa miezi 29. Ni mbali, sikudanganyi, na ndoa itakuja katikati na mambo yake. Labda mtakapofika hapo wenyewe mtaona bora cherehani au saluni yake mwenyewe. Lakini mtakuwa mmeamua wawili.

Maana hilo nalo limenishangaza. Mshahara umenitajia mimi, nisiyekujua sura. Mchumba wako anaujua? Nadhani haujui. Wanaume wa siku hizi mnaficha mshahara kama bikizee anavyoficha umri, kisha mnalalamika mwanamke hana huruma na mfuko. Hesabu hizi hizi nilizokuandikia, zipeleke kwake, kaeni Bustani ya Jamhuri pale juu ya bandari jioni moja, na karatasi na kalamu. Mwambie napata hiki, kodi ni hii, akiba ya harusi ni hii. Msuka nywele analipwa kwa kichwa, anajua siku yenye wateja na siku kavu. Atakuelewa upesi kuliko hao rafiki zako.

Lakini kabla ya hesabu, omba radhi. Na uombe kwa jina la kosa lenyewe: "Siku ile ya Kange nilikosea, ilikuwa nikuitie bajaji, mimi nifuate nyuma na baiskeli." Usiseme "kama nilikukwaza". Hilo "kama" litakurudisha stendi na begi lako.

Kisha mkubaliane safari zipi ni za baiskeli na zipi si zake. Mie ningegawa hivi: kutoka saluni jioni, baiskeli. Kwenda kununua samaki Deep Sea au mboga Mgandini, baiskeli. Safari yenye begi, yenye jua la mchana, yenye nguo ya shughuli au yenye ugonjwa, bajaji, bila mjadala. Tenga 20,000 kila mwezi kwa ajili hiyo tu, ikae mbali na hela ya vocha. Kwa mtu asiyenunua petroli, hiyo si hasara.

Na baiskeli yako ikoje? Nina wasiwasi ni ile ya chuma kitupu. Ukimpakia mke, kerea iwe imefungwa nati zote nne, iwekwe mto, na pembeni ya gurudumu la nyuma fundi akufungie wavu wa kuzuia baibui na dera lisiingie kwenye spoku. Hilo si la urembo, nguo ikinasa mtu anaanguka kichwa nyuma. Weka taa mbele na kiakisi chekundu nyuma, maana usiku magari hayakuoni. Pahala pa kuwekea miguu pawepo. Mwanamke anayekaa upande miguu inaning'inia bila pa kukanyaga, akishuka anachechemea, halafu mnamwita mwenye maringo. Mji wetu umelala kama mkeka, hauna mlima wa kukutoa roho, ukikitengeneza chombo vizuri safari ni raha tupu.

Mjukuu wangu aliyekuwa ananisomea barua yako kwenye simu ananiambia Umoja wa Mataifa mwaka 2018 uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa siku ya baiskeli duniani. Nimefurahi. Ila usiende kumwambia mchumba hilo. Sijaona mwanamke aliyelainishwa moyo na Umoja wa Mataifa.

Rafiki zako wanaosema umwache, waulize wangapi wameoa.

Na wewe binti, kama umeipata safu hii hapo saluni na umejitambua: hasira yako ni halali, lakini la gunia la mkaa ni neno zito kwa mtu aliyekufuata stendi kwa miguu yake. Mwambie ulichoka na uliona haya, basi. Akija na karatasi na kalamu usimcheke, hata mwandiko ukiwa mbaya.

Ikiwa baada ya radhi, hesabu na bajaji bado anasema hakuna ndoa bila pikipiki, niandikie tena. Hiyo itakuwa barua nyingine na majibu yake sitayatoa leo kwa kubahatisha.

Mto wa kerea akushonee fundi makochi, usinunue ule wa tayari. Mwambie aweke sponji ya inchi nne. Ya inchi mbili inalala wiki moja tu, kisha mnarudi kwenye chuma.