Anti, hela ya matumizi inaishia wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tunaingiza kama laki nane na nusu kwa mwezi, watoto wawili, tumepanga Mbagala, kodi 120,000 na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Nimeandika bajeti kwenye daftari: chakula, kodi, nauli, ada, mengineyo. Tarehe 18 haifiki hela imekata, na hayo mengineyo yamezidi chakula! Nifanyeje? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hayo mengineyo yafute kabisa, hela isiyo na jina kila mtu anachota tu. Yavunje: michango ya harusi na misiba, bando, boda, saluni, halafu makato ya simu. Hayo makato watu wanayadharau, ila ukitoa elfu tano tano kwa wakala kila siku unakatwa kila ukitoa, bora utoe ya wiki mara moja uiweke ndani, kama unajiamini lakini hahaha. Michango nayo ipangie kiasi, kikiisha sema mwezi huu sina, watanuna kidogo yatapita.

Chakula nacho kigawe, kuna stoo na kuna genge. Stoo ni unga, mchele, maharage, sukari, mafuta, mi hata sabuni naiweka humo, unanunua mshahara ukitoka tu, maana kupimiwa robo robo kwa mangi ndo kunakomaliza bila kujijua. Genge ni nyanya, vitunguu, mboga, dagaa, hiyo ni hela ya kila siku na iwe na kiwango, leo ukizidisha elfu kesho unapunguza elfu.

Sasa kodi. Miezi sita ni 720,000, hiyo huipati mwezi mmoja hata ufunge mdomo, kwa hiyo 120,000 itoke kila mwezi kabla hujagusa kitu na ikae mbali na simu unayonunulia bando. Ada na sare za Januari vilevile, anza sasa hivi.

Umeme sijauona kwenye daftari lako. Kama mko kwenye tarifu ya chini, ile ya wanaotumia umeme kidogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi ya serikali, ukivuka hapo ni 350, so pasi na friji viangalie. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni deni la mwenye nyumba, ongea naye aipunguze kwenye kodi yako ya pango.

SWALI: Anti mimi ni bodaboda, sina mshahara, hela ya siku. Bajeti naiwekaje?

JIBU: Kwa siku hivyo hivyo. Ukirudi jioni toa kwanza hesabu ya bosi, petroli ya kesho, kisha weka pembeni kidogo ya oili na tairi, inayobaki ndo ya nyumbani. Siku ya mvua utakula ya jana, kwa hiyo siku nzuri usiimalize yote kijiweni.