Mdogo wangu ana NMO: je, ni ugonjwa wa ukoo, na kinga yake iongezwe au ishushwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 31. Mwaka juzi jicho lake la kushoto lilififia ndani ya siku chache, likawa linauma kila akiligeuza, kisha likarudi kiasi. Baadaye akashikwa na kwikwi na kutapika wiki tatu mfululizo, akatibiwa vidonda vya tumbo. Mwaka jana miguu ikafa ganzi, mkojo ukagoma kutoka. Hospitali ya rufaa walisema kwanza ni MS (multiple sclerosis, ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu), halafu baada ya MRI ya mgongo na kipimo cha damu wakasema ni NMO, kwa kuwa ana kingamwili dhidi ya akwaporini-4. Wamemwanzishia azathioprini na prednisoloni, tukaambiwa ni dawa za kushusha kinga. Ndugu wamekuja juu: mgonjwa anashushwaje kinga? Wameleta unga wa kuongeza kinga na wanataka aache vidonge. Isitoshe, shangazi yetu naye alipooza miguu hadi akafariki, na sasa inasemwa huu ni ugonjwa wa ukoo wetu. Nina mabinti wawili. Niwapime? Na mdogo wangu mwenyewe anataka kuzaa. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Poleni sana, wewe na mdogo wako. Nianze na vidonge, maana hilo halisubiri. Asiviache. Azathioprini huchukua miezi kadhaa kabla haijafanya kazi sawasawa, na prednisoloni ndiyo inayomlinda katika kipindi hicho. Akiikata ghafla baada ya kuizoea, mwili unaweza kukosa homoni ambayo tezi zake zimeacha kuitengeneza, akaishiwa nguvu na shinikizo la damu likashuka vibaya. Vilevile anajiweka kwenye hatari ya shambulio jipya. Katika NMO, yaani ugonjwa ambao kinga hushambulia mshipa wa jicho na uti wa mgongo, kila shambulio linaweza kuacha upofu au ulemavu wa miguu usiorudi nyuma, ndiyo maana kazi yetu yote ni kuzuia lijalo.

Ndugu zako wana sababu ya kushangaa. Kwa miaka mingi tumefundishwa, hasa kwa sababu ya UKIMWI, kwamba kinga ikishuka mtu anaugua, na ni kweli. Lakini kinga ya mdogo wako haina upungufu wowote. Ina nguvu zake zote, ila baadhi ya chembe zake zinatengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia vijidudu, dhidi ya mwili wenyewe. Anayetaka kuiongeza anaongeza nguvu kwa kitu kile kile kinachomuumiza.

Niwaeleze inavyotokea, kwa sababu ukielewa hapo utaona dalili zake tatu zilizoonekana hazihusiani ni kitu kimoja. Akwaporini ni protini zinazopitisha maji kwenye kuta za seli. Peter Agre wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuzigundua. Ile ya nne imejaa kwenye seli za ubongo ziitwazo astrositi, hasa pale miguu ya seli hizo inapokumbatia mishipa midogo ya damu. Iko kwa wingi katika mshipa wa fahamu wa jicho, katika uti wa mgongo, na katika sehemu ndogo chini ya ubongo inayoamuru kutapika. Sehemu hiyo ya mwisho haina kizuizi imara kati ya damu na ubongo kama sehemu nyingine, kwa hiyo kingamwili huifikia kirahisi. Basi jicho, kwikwi na miguu ya mdogo wako ni ugonjwa mmoja uliogonga milango mitatu. Wiki tatu za kwikwi na kutapika kwa kijana aliyewahi kufifia jicho zingepaswa kumfikisha kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Naliandika hili kwa sababu najua lipo kwenye wodi nyingi: mgonjwa anamezeshwa dawa za tumbo, kipimo cha tumbo kinarudi safi, anaambiwa ana msongo wa mawazo.

Kingamwili ikishajishika kwenye akwaporini-4, huita kundi la protini za damu liitwalo komplimenti, ambalo kazi yake ya kawaida ni kutoboa bakteria. Hapa linatoboa astrositi. Astrositi zikifa, seli zinazotengeneza ganda la mafuta la mishipa ya fahamu nazo hufa, taarifa kutoka ubongoni zinakwama njiani, miguu haisikii. Katika MRI ya mgongo doa la NMO huwa refu, kwa kawaida pingili tatu au zaidi. Doa la MS huwa fupi.

Sasa hilo la kuambiwa MS kwanza. Magonjwa haya yalidhaniwa kuwa ndugu tangu daktari Eugène Devic wa Lyon, Ufaransa, alipoielezea NMO mwaka 1894. Ilikuwa hadi 2004 ndipo Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic walipoonyesha kingamwili ambayo wagonjwa wa MS hawana, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba inashambulia akwaporini-4. Kuzitofautisha kuna uzito mkubwa kwenye tiba: interferoni beta, natalizumabu na fingolimodi, ambazo ni dawa nzuri za MS, zinaweza kuifanya NMO iwe mbaya zaidi. Kwa hiyo kipimo kile cha damu kilichobadilisha jina la ugonjwa kimemkinga na dawa isiyo yake. Kwa mwanamke Mwafrika mwenye jicho na uti wa mgongo vilivyoshambuliwa, mimi hufikiria NMO kwanza. MS ni ya nadra kwetu, ilhali NMO inawapata watu weusi zaidi ya Wazungu: takwimu za nchi mbalimbali zinafika wagonjwa 10 kati ya watu 100,000 kwa weusi, na karibu 1 kwa Wazungu. Wenye kingamwili hii ni wanawake takriban tisa kwa kila mwanamume mmoja.

Kuhusu ukoo. Kuna magonjwa ya ubongo ambayo kinasaba kimoja kikiharibika kinatosha. Huntington ni mfano: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, na atakayeurithi, akiishi miaka ya kutosha, ataugua. NMO haiko hivyo, wala MS. Hapa mtu hurithi mwelekeo tu, na mwelekeo huo umetawanyika kwenye vinasaba vingi. Vilivyo na uzito zaidi viko kwenye kromosomu ya sita, vinaitwa HLA. Kazi yake ni kutengeneza protini zinazoionyesha kinga vipande vya vitu ili iamue kipi ni adui. Aina moja ya HLA huonyesha kipande fulani vizuri zaidi ya nyingine, na hapo ndipo kosa hupata nafasi. Katika MS aina ya DRB1*15:01 huongeza uwezekano karibu mara tatu. Katika NMO inayotajwa zaidi ni DRB1*03:01. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba NMO yenye kingamwili inafanana na lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili) kwa vinasaba kuliko inavyofanana na MS. Kwa hiyo nikikaa na mgonjwa wa NMO huwa nauliza: kwenu kuna mwenye lupasi, ugonjwa wa tezi la shingo, au udhaifu wa misuli unaozidi jioni?

Uthibitisho mzuri kwamba vinasaba peke yake havitoshi unatoka kwa mapacha wa kufanana. Wana vinasaba vile vile, lakini mmoja akiwa na MS, mwenzake huipata kwa takriban robo tu, pengine theluthi. Kinachobaki ni mazingira, na katika MS sasa tunamjua mhusika mkuu. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wakakuta kwamba hatari ya MS inapanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kina simulizi ya hapa hapa kwetu: kiligunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akipeleka sampuli zake. Takriban watu wazima 95 kati ya 100 duniani wamekibeba. Wachache mno wanapata MS, na Afrika Mashariki, ambako watoto wengi hukipata wakiwa wadogo, MS ni nadra. Kirusi kimoja na vinasaba vya watu tofauti hutoa matokeo tofauti kabisa.

Katika NMO, ni wagonjwa 3 hivi kati ya 100 walio na ndugu mwingine mwenye NMO. Kwa hiyo mabinti zako usiwapime. Kipimo cha vinasaba kitakachosema nani ataugua hakipo, na kupima kingamwili kwa mtoto mzima wa afya kunaweza kuleta jibu la uongo litakalowatesa miaka. Waishi kama watoto wengine.

Na shangazi? Bila vipimo vyake siwezi kumpa ugonjwa. Ila kupooza miguu kwetu kuna njia nyingi: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho kilichopanda mgongoni, virusi vya HTLV-1, UKIMWI, uvimbe. Tena hata wakipooza watatu katika nyumba moja, urithi si jibu la kukimbilia. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tarime, watu walipooza miguu kwa kundi, baadhi wakiwa wa familia moja. Ilikuwa konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu uliosindikwa haraka wakati wa ukame, sumu ya sayanaidi ikabaki ndani. Waliougua walikuwa wamekula chungu kimoja. Naomba ukoo uache kumbebesha mdogo wako kifo cha shangazi.

Pahali ambapo vinasaba vinamgusa mdogo wako leo ni kwenye vidonge vyake. Azathioprini huvunjwa mwilini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho TPMT. Wapo watu waliozaliwa na TPMT hafifu, na kwa Waafrika aina iliyoonekana zaidi ni ile iitwayo TPMT*3C. Hao wakipewa kipimo cha kawaida, uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unazimwa, chembe nyeupe zinashuka hadi hatarini. Kipimo cha TPMT hakipatikani kila mahali, kwa hiyo tunategemea FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu: kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha taratibu tunaachanisha, pamoja na vipimo vya ini. Akipata homa, vidonda mdomoni au michubuko isiyo na sababu, aende siku hiyo hiyo. Na akipewa alopurinoli kwa ajili ya jongo, amwambie daktari kwamba yuko kwenye azathioprini. Zikikutana zinaua uboho hata wa mtu mwenye TPMT nzuri. Hapa ndipo unga wa mtaani unaponitia hofu kubwa zaidi. Ini likianza kuvimba, hatutajua kama ni dawa au ni kile kisichoandikwa kwenye kopo. Lakini mlonge wa kupikwa kama mboga, ale.

Kabla kinga haijashushwa sana, ahakikishwe hana kifua kikuu, homa ya ini aina ya B wala UKIMWI, na apewe dawa ya minyoo ya strongiloidi, kwani mtu akiwa kwenye prednisoloni minyoo hiyo inaweza kusambaa mwili mzima. Chanjo zenye vijidudu hai, mfano ya homa ya manjano, asichome bila kumuuliza daktari wake. Azathioprini isipotosha, muulizeni kuhusu rituksimabu, inayoondoa chembe B zinazozaa kingamwili. Katika jaribio dogo la Japani lililochapishwa mwaka 2020, hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa 19 waliopewa aliyeshambuliwa tena, wakati kati ya 19 waliopewa dripu isiyo na dawa, saba walishambuliwa. Ekulizumabu, inayozuia komplimenti, ina matokeo mazuri pia, lakini bei yake iko mbali na familia zetu, na hilo linaniuma kila ninapoandika jina lake.

Jicho likififia tena, miguu ikilegea, au kwikwi zikikataa kukoma zaidi ya siku mbili, msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Steroidi ya dripu kwa siku tatu hadi tano, na kubadilisha plazima pale inapopatikana, hufaa zaidi ikianzishwa mapema.

Kuzaa anaweza. Ugonjwa utulie kwanza, mimba ipangwe na daktari wa mishipa ya fahamu na wa wakina mama wakiwa wanajua. Azathioprini mara nyingi inaendelea katika ujauzito. Kama amehamishiwa mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, ibadilishwe kabla, maana hiyo hudhuru mtoto tumboni. Hatari ya shambulio hupanda baada ya kujifungua, hasa miezi mitatu ya kwanza, wakati ambapo kila mtu nyumbani anamtazama mtoto na mama anasahau vidonge. Wewe kama dada yake mkubwa, hapo ndipo pa kumkalia karibu.